Mimi, Shemeji na Mfupa wa Dinosaria

Jumamosi, 4 Mei
Aibu! Ukucha wa dinosaria aliouchimba shemeji umewekwa kwenye kabati la kioo pale makumbusho, jina lake chini kwa herufi nzito. Mke wangu alilisoma jina la kaka yake kwa sauti, mara mbili, kana kwamba mimi sijui kusoma. Nimeapa: kabati linalofuata ni langu.

Jumapili, 5 Mei
Nimemwomba shemeji anifundishe. Kwa unyenyekevu, roho ikiniuma. Akasema mfupa uliogeuka jiwe hunata ulimini ukiulamba, jiwe la kawaida halinati. Nimeshinda machimboni nalamba. Kokoto, udongo, na kitu kimoja nashuku kiliachwa na mbuzi. Jioni kimoja kikanata! Lakini kijiwe tu, saizi ya kiatu cha mtoto, mfupa unachungulia pembeni. Nani atakipa hicho kabati? Nimekifunga karatasi mbichi na plasta ya kuganda kama nilivyofundishwa, kisivunjike njiani, basi tu. Chakula cha usiku hakikuwa na ladha. Mke wangu anasema chumvi ipo.

Jumanne, 7 Mei
Chini ya turubai la shemeji kuna furushi la plasta. Refu kama mimi! Paja hilo, paja zima. Nikamwuliza kijanjajanja. Akacheka, akasema hicho si kitu. Si kitu! Kwani mimi nimezaliwa jana?

Jumatano, 8 Mei
Nimefanya. Shemeji alipokwenda kula, nikapakia furushi lake kwenye toroli na kuacha langu palepale. Dhamiri inaniuma. Au ni mgongo.
Jioni akaja kuuliza kama lile dogo ni langu. Nikaapa sijawahi kuliona.

Ijumaa, 10 Mei
Siku ya kupasua mafurushi makumbusho. Mke wangu kakaa mbele kabisa, kavaa vizuri. Mtaalamu akapasua langu, yaani lile refu. Gogo. Gogo la mti! Shemeji akashangaa, kumbe lilikuwa huku? Ni la kufundishia wageni kufunga plasta. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.
Kisha akapasua lile dogo. Akapiga brashi taratibu. Taya la dinosaria mchanga, meno yote mahali pake! Mtaalamu akasema hajapata kuona lililohifadhika hivyo. Shemeji, mwaminifu mpaka anakera, akaniuliza tena mbele ya wote: kweli si lako? Nikafungua mdomo. Mke wangu akaniwahi, akasema mume wangu ameshaapa, na mume wangu hasemi uongo. Nikaufunga. Nilitaka kulia.

Jumamosi, 11 Mei
Kabati la pili, jina la shemeji tena. Mke wangu kalisoma mara tatu. Nimekoma! Hila basi. Kuanzia leo mimi ni mtu mnyoofu.
Ila nilipita machimboni, kusalimia tu. Chini ya turubai kuna furushi jipya, refu kuliko lile. Shemeji ameandika juu yake kwa wino, herufi kubwa: GOGO.
Sasa jamani, nani anaandika gogo juu ya gogo? Kesho naenda na toroli.