Mtindo wa Kisu cha Marehemu

Jumatatu, 4 Machi
Niwie radhi, ewe daftari, kwa mwandiko huu. Kidole cha shahada kimefungwa. Binti yangu aliona damu kwenye beseni. Akasema, Baba, ukijikata tena hata mara moja, Jumamosi naja na gari, unahamia kwangu. Nilimshukuru kwa adabu. Sihami! Mama yake alifia katika nyumba hii, nami nimekusudia kufia humu humu, kwa utaratibu. Mpango: nitatengeneza kisu kitakachomthibitishia kwamba baba yake ni fundi, si mgonjwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda kwa mwenye bucha kujifunza aina za visu. Anavyo vinne: kizito cha kuvunjia mifupa, chembamba cha kubandulia nyama, kirefu cha kukatia vipande, kifupi cha kuchunia. Nikauliza kama kimoja hakitoshi. Akauliza, kwani wewe ndevu hunyoa kwa shoka, mzee wangu? Wateja wakacheka. Majivuno matupu! Marehemu mke wangu alipikia kimoja maisha yake yote: chembamba kama jani la muwa, kimebonyea katikati ya makali. Huo ndio mtindo. Nimeuchora.

Alhamisi, 7 Machi
Kimekamilika! Bamba la msumeno mkuukuu, kulisugua kwa tupa siku mbili, vipimo vyote vya marehemu, hata ule mbonyeo. Nilimkabidhi mwenye bucha ili akijaribu. Akakipiga kwenye mfupa wa paja. Kisu kikakatika; kipande kilimpita sikioni, kikakita kwenye kalenda. Aliyoyatamka hayaandikiki. Nimeomba radhi mara tatu, na ya nne kwa barua.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempelekea mhunzi kisu chenyewe cha marehemu, anieleze siri yake. Alikigeuza, akauliza marehemu alikitumia muda gani. Miaka thelathini na minane. Akasema taratibu, huu si mtindo, Mzee. Kilikuwa kisu kipana cha jikoni, upana wa kiganja. Kimeliwa na jiwe la kunolea. Hapo palipobonyea ndipo alipokatia vitunguu.

Niliketi kwenye gogo lake. Chuma upana wa kiganja kimeishia kwenye sahani zangu. Sikumbuki kumwambia asante mezani. Nakumbuka kuomba chumvi.

Nilikitia kisu mfukoni bila ala. Nilipoinuka, kikanichoma paja.

Jumamosi, 9 Machi
Nilivaa suruali nyeusi. Damu ilionekana kwenye kiti. Binti hakugomba. Alisema tu, twende, Baba. Aliposhika kisu cha mama yake, alipitisha kidole kwenye ule mbonyeo, akageukia ukutani. Nikamwomba radhi. Sikujua ya lipi hasa. Nyumba nimeifunga mwenyewe, mara mbili.

Jumapili, 10 Machi
Chumba ni safi. Dirisha linatazama ukuta. Wote wamekwenda ibadani. Nimekagua jikoni, na moyo umeniuma: kisu chao cha mkate kimeharibika kabisa! Makali yameota meno toka shina hadi ncha. Kumbe naye binti yangu anataabika kimya kimya, kama mama yake. Lakini mhunzi amenifungua macho: sasa nafahamu jinsi matumizi yanavyokila kisu. Safari hii sitachelewa kushukuru. Bahati njema, tupa niliificha ndani ya soksi. Meno ishirini na mawili yamekwisha kuondoka, atafurahi mno.

Niwie radhi kwa mwandiko. Ni kidole gumba.