Dozi ya Saa Kumi na Mbili na Mikono Arobaini ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi. Manyunyu tangu alfajiri. Baridi kiasi cha kuvaa sweta.

Zimebaki siku saba! Jumatatu ijayo, tarehe 10, natimiza mwaka mzima bila kuanguka kifafa. Siku hiyo hiyo nina miadi kliniki, na daktari aliahidi kwamba mwaka ukitimia ataniandikia barua. Barua nampelekea Bosi. Bosi ananikabidhi mashine ya kukatia.

Mashine! Ya umeme. Wembe wake unapita matabaka arobaini ya kitambaa kama unakata papai bivu. Kwa sasa anaiendesha Bi Mkasi, ambaye mwisho wa mwezi anapandishwa cheo kuwa msimamizi wa karakana nzima. Mimi nachora tu. Naweka patani za karatasi juu ya kitambaa, nazizungushia chaki, yeye anafuata mistari yangu na kukata. Miaka minne ya chaki. Hata nikipiga chafya inatoka nyeupe.

Kikwazo ni kimoja: miayo. Nameza kidonge saa kumi na mbili asubuhi na kingine saa kumi na mbili jioni, bila kukosa, kila kimoja nakiwekea alama ya vema daftarini. Lakini cha asubuhi kinaniletea usingizi mpaka saa tatu. Napiga miayo kama mamba anayeota jua. Na Bi Mkasi ana kidaftari chekundu! Kila nikipiga mwayo anaangalia saa ya ukutani, kisha anaandika. Leo kaandika mara sita. Ni wazi anakusanya ushahidi ampelekee Bosi.

Daktari kila mara huniuliza kama dawa inanisumbua. Kila mara humjibu sina tatizo lolote. Nikitaja usingizi, si ndiyo barua imekwenda na maji?

Mpango: kuanzia kesho kidonge cha asubuhi nitakimeza saa saba mchana. Asubuhi niwe macho, kidaftari kife njaa. Sijui kwa nini sikuwaza hili mapema.

Jumanne, 4 Machi. Mawingu, hakuna mvua.

Asubuhi: ushindi! Macho makavu. Nimechora suruali thelathini kabla ya chai na nimemsalimia Bi Mkasi mara tatu kwa sauti kubwa ili aone nilivyo mchangamfu. Akaniuliza kama ninaumwa.

Saa saba nikameza kidonge. Saa nane nikaegemea robota la kitambaa nitafakari mambo kidogo. Saa tisa na nusu Bi Mkasi akaniamsha. Shavuni nilikuwa na alama ya kifungo, matundu manne, wazi kabisa. Akasema taratibu, "Amka shoga yangu, Bosi anapanda ngazi." Kisha akaandika kwenye kidaftari! Huyo ndiye shoga?

Nimerudi nyumbani nimechoka hoi. Shangazi, ninayeishi naye, alikuwa anapika. Nimelala kabla ya chakula.

Jumatano, 5 Machi. Jua kali. Siku ya kufutwa kwenye kalenda.

Nimeamka nikakuta kisanduku cha alama ya vema ya jana jioni ni kitupu. Nilisahau kidonge! Kisanduku kitupu mimi hakinipi raha. Nikamwuliza Shangazi. Yeye akasema mambo mepesi hayo, kwani yeye zake za presha akisahau humeza mbili kwa mpigo na bado anadunda. Nikaona hesabu inakubali. Nikameza viwili. Daftari likawa safi.

Kufika karakanani, sakafu ilikuwa inayumba. Bosi alisimama mlangoni, na pembeni yake Bosi mwingine. Nikawaamkia wote wawili. Aliyejibu ni mmoja.

Kazi ya leo: mashati arobaini ya wahudumu wa hoteli. Kitambaa kimetandikwa matabaka arobaini, yote uso juu. Mtindo wetu ukitandika hivyo ni kuchora mkono wa shati mara mbili: mara moja kama ulivyo, halafu unaigeuza patani unachora wa upande wa pili. Mtoto wa mwezi mmoja wa kazi anajua. Nikachora wa kwanza. Nikatazama. Naona mikono miwili, imelala sambamba, mizuri. Nikajiambia, ala, kumbe nimeshageuza. Nikaweka vema daftarini: *mikono, miwili*. Nikaendelea na kola.

Bi Mkasi akaniuliza kama nina hakika, maana nafasi imebaki kubwa. Nikamwambia ukichora kwa akili nafasi hubaki. Akakata.

Mikono arobaini. Yote ya kushoto!

Bosi alivaa mmoja mkono wa kushoto, ukamkaa. Akavaa mwingine mkono wa kulia, kiwiko kikatokeza mbele kama mpini wa birika. Akatembea hivyo karakana nzima, meza hadi meza, akiuliza mafundi kama wahudumu wa hoteli watamimina chai hivi. Mafundi walicheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Bi Mkasi hakucheka. Alinitazama machoni, akaniambia macho yangu hayajatulia, nikae chini, ninywe maji. Halafu, kidaftari.

Alhamisi, 6 Machi. Upepo. Vumbi dirishani.

Nimekaa na rula na kalamu nikachunguza chanzo cha maafa yote. Miayo: vidonge. Usingizi juu ya robota: vidonge. Mikono ya kushoto: vidonge. Na kifafa? Hakijaonekana mwaka mzima kasoro siku nne! Basi nimepona. Naugua vidonge tu.

Tangu vile viwili vya jana asubuhi sijameza kitu, na sitameza mpaka nipate barua. Baada ya barua nitaangalia.

Shangazi kaona pakiti haijaguswa. Nikamweleza kwamba sijaanguka muda mrefu, kwa hiyo dawa haina kazi tena. Akaacha kumenya vitunguu. Akasema, "Wewe mtoto, kwa hiyo paa halivuji, tuliuze?" Nikamwambia hana elimu ya takwimu. Akasema yeye elimu yake ni ya kuninyanyua sakafuni, na anayo ya kutosha.

Kazini nimekuwa moto! Nimechora mikono ya kulia, yote arobaini. Bosi kapita, kasema leo angalau mtu anaonekana yuko kazini. Kidaftari hakikufunguliwa hata mara moja. Bi Mkasi alinitazama siku nzima kwa wasiwasi. Mtu anayeshindwa lazima awe na wasiwasi.

Nina furaha hata usingizi umenipaa.

Ijumaa, 7 Machi. Hali ya hewa sikuiona.

Naandika jioni, kitandani. Ulimi unauma pembeni. Mwili kama nimebeba mahindi magunia mia.

Ninachokumbuka: saa mbili asubuhi, chaki mkononi, kidole gumba kikaanza kurukaruka chenyewe. Baada ya hapo ni dari ya karakana, na uso wa Bi Mkasi juu yangu, akinitajia jina langu polepole na kuniambia niko kazini, niko salama, ni Ijumaa.

Mengine nimesimuliwa. Nilipoanguka Bi Mkasi alizima mashine, akasukuma mikasi yote mbali kwa mguu, akaniwekea kitambaa chini ya kichwa na kunilegeza kola. Hakunishika kwa nguvu. Mtetemo ulipokwisha akanigeuza ubavu. Bosi alikuja mbio na kijiko anitie mdomoni nisimeze ulimi. Bi Mkasi akamwambia ulimi haumezwi, kijiko kitanivunja meno, "hebu kakorogee chai hicho, Bosi." Hakuna aliyewahi kumwambia Bosi hivyo. Akaenda kukoroga chai! Kisha Bi Mkasi akawaambia mafundi warudi kwenye cherehani zao, hapa hapana sinema. Saa alikuwa ameishika mkononi. Dakika mbili na nusu. Alisema ingefika tano angeita gari la wagonjwa.

Kitambaa alichoniwekea chini ya kichwa kilikuwa ile mikono ya kushoto. Kati ya vitambaa vyote vya karakana! Makusudi hayo.

Mwaka wangu. Zilibaki siku tatu.

Nimelia kidogo. Shangazi amekaa ukingoni mwa kitanda. Alipiga simu kliniki. Wakamwambia nimeze kidonge cha jioni kama kawaida, kimoja tu, na kesho niende asubuhi, nisisubiri Jumatatu. Nimemeza. Vema.

Jumamosi, 8 Machi. Asubuhi angavu, mawingu machache.

Kliniki. Shangazi alikuja. Na Bi Mkasi pia, bila kualikwa, amevaa viatu vya kutokea.

Daktari akauliza nimemezaje dawa wiki hii. Nilijiandaa kusema kama kawaida. Kabla sijafungua mdomo, Bi Mkasi akaweka kidaftari chekundu mezani.

Nilitamani sakafu inimeze. Daktari alikisoma ukurasa kwa ukurasa. Miayo ya wiki tano! Siku, saa, dakika. Kulala juu ya robota, kuyumba, kuamkia mabosi wawili. Bi Mkasi akaeleza kwamba aliona miayo yangu yote iko kati ya saa moja na saa tatu, tena kila siku, akasema huu si uvivu, hii ni dawa. Alikuwa na ndugu yake mwenye ugonjwa huu. Alikuwa anasubiri miadi yangu anipe kidaftari nije nacho, maana mimi ukiniuliza hali nasema nzuri hata nikiwa chini ya meza.

Daktari akasema kumbukumbu nzuri kama hii haijaonekana pale kliniki mwaka huu. Ya Bi Mkasi! Mimi nina daftari la vema lenye mistari ya rangi mbili, na hakuna aliyeliomba.

Basi nikasema ukweli wote, pamoja na saa saba mchana, viwili kwa mpigo, na paa. Daktari hakukasirika, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema usingizi, kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili ni mambo yanayojulikana ya dawa hii, hasa ikizidi, na ndiyo maana huuliza kila mara: akijua anaweza kupanga upya, nikificha hawezi. Akauliza kama nimetoka vipele. Sikutoka. Akasema nikitoka hata vichache nije siku hiyo hiyo, hilo si la kungoja miadi.

Nilichofanya Alhamisi ndicho kilimfanya avue miwani. Dawa hii haiachwi ghafla. Mwaka bila kuanguka ulikuwa kazi ya dawa, na ukiikata kwa mkupuo kifafa hurudi, pengine mfululizo bila kukatika, na hiyo inaweza kuua. Ikifika siku ya kuiacha, inapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, yeye akiangalia. Nikisahau dozi, nimeze nikikumbuka, ila kama inayofuata iko karibu niiruke ile iliyopita. Kamwe nisimeze mbili pamoja. Hapo Shangazi akaangalia dari. Daktari akamwuliza na yeye za presha humezaje. Shangazi akasema hakuja kutibiwa.

Amebadilisha mpango: dozi ndogo asubuhi, kubwa jioni, saa zilezile kumi na mbili. Nisimeze dawa nyingine, hata ya mafua, bila kuuliza. Na usingizi! Nilale mapema, saa tatu, kila siku, kwani kukesha peke yake kunaweza kuniangusha.

Barua: hapana. Mwaka unaanza kuhesabiwa upya kutoka jana. Alisema kwa upole. Nimeuliza kama robo tatu ya barua inawezekana. Haiwezekani.

Jumapili, 9 Machi. Jua, upepo mwanana. Kidonge kidogo saa kumi na mbili, vema. Mwayo mmoja tu mpaka saa tatu!

Mchana Bi Mkasi kaja na machungwa. Kaleta habari: amemwambia Bosi kwamba cheo cha usimamizi kisubiri, yeye atabaki kwenye mashine mwaka mmoja zaidi, mpaka barua yangu itoke, asije akaishika mtu mwingine akaizoea. Bosi kakubali. Shangazi kamkumbatia mpaka machungwa yakaanguka.

Mimi niliwatazama tu. Hivi hawaoni? Mtu anaachia cheo ili abaki na mashine! *Mwaka mzima* zaidi! Ametupiga chenga wote, tena kwa machungwa manne.

Lakini nimeamka sasa. Nimenunua kidaftari, cha bluu. Kuanzia kesho kila mwayo wa Bi Mkasi unaandikwa, siku, saa, dakika. Leo tayari kapiga mmoja, saa tisa na dakika kumi, akimsikiliza Shangazi.

Na kwa daktari nitakwenda na kitu cha kumshangaza: ratiba ya kulala mapema. Siku zote mia tatu sitini na tano, kila siku na kisanduku chake cha saa tatu usiku, mistari ya rangi tatu. Nakala ya kwanza rula iliteleza mwezi Julai. Ya pili nilisahau Septemba. Shangazi kagonga ukuta mara mbili kuniuliza taa ya nini. Nimemjibu asinisumbue, napanga usingizi.

Nakala ya tatu imetoka safi kabisa. Kisanduku cha leo nimekiwekea vema.

Nimelala saa saba na dakika arobaini usiku.