Yotham Aenda Kuomba Kazi ya Drafti

Habari ililetwa na Denis, dereva wa bodaboda ambaye hapa kijiweni kwetu Nkuhungu, kwenye kahawa ya Shamila, tunamwita Redio. Alitusomea tangazo kwenye simu: ofisi moja ya Nzuguni inatafuta mtu wa drafting, mwenye uzoefu, anayeweza kufanya kazi chini ya presha. Usaili kesho asubuhi.

Wote tukamgeukia Yotham. Kwenye benchi letu hana mpinzani wa drafti, na nje ya benchi hana kazi tangu mwaka jana.

"Watu wameanza lini kuajiriwa kucheza drafti?" Shamila akauliza huku akimimina kahawa.

"Watumishi wa serikali si wana mashindano yao ya michezo?" akasema Redio. "Hao wamechoka kufungwa, sasa wanasajili."

Deusdedit akakohoa. Huyo tunamwita Kamusi. Aliwahi kulinda geti la chuo. "Draft ina maana nyingi, ila asili yake ni kuvuta. Ng'ombe wa kukokota plau, draft. Bia ya kuvutwa kwa bomba, draft. Huu upepo wetu unaopita chini ya mlango na vumbi lake, draft."

"Na kete?" akauliza Redio.

"Kete unaipeleka vipi bila kuivuta?"

Hoja ikapita. Mimi nikamwazima Yotham koti la suti, lile ambalo hata mimi linanibana, tukamfundisha majibu mpaka kahawa ikapoa.

Kesho yake mchana akarudi, koti mkononi, akakaa bila kumtazama mtu.

"Wameniuliza uzoefu. Nikasema miaka kumi na tano, hata sikukuu sipumziki. Wakaandika."

"Na presha?"

"Nikawaambia nafanya kazi watu wamenisimamia kichwani, wote wananielekeza, na hakuna anayejua kitu. Yule mama anayeongoza usaili akasema, hata hapa ni hivyo hivyo."

Redio akampigia saluti.

"Halafu wakataka sampuli ya kazi yangu. Nikatoa ubao kwenye mfuko, nikapanga kete zetu za vizibo mezani."

Shamila akaweka birika chini.

"Kumbe walitaka mtu wa kuandika rasimu za mikataba."

Kamusi akageukia barabarani. "Hiyo maana nayo ipo," akasema taratibu. "Jana ilinipita kidogo."

"Walikucheka?" nikauliza.

"Wangecheka ningeshukuru. Yule mama alivua miwani, akasogeza kiti, akaniambia, anza wewe."

Tukamsogelea. Sasa ilikuwa heshima ya benchi zima.

"Ukamfunga," akasema Redio.

Yotham akalikunja koti langu, akanirudishia.

"Kanifunga mbili bila. Ya pili alikuwa anaongea na simu."

Shamila akamsogezea kikombe. "Kwa hiyo kazi umeikosa, kaka Yotham."

"Nimeikosa kwa maana zote mbili. Kamusi, kama kuna ya tatu, kaa nayo."