Kamati ya Kuthibitisha Usingizi

Tume yetu ya makazi ina furaha kuutangazia umma wa Brooklyn kwamba usingizi sasa umepata kamati. Mwenyekiti ni Bwana Thaddeus Quill. Mimi ni katibu, kwa kuwa nina diploma na kalamu inayoandika.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Odalys Ferrer, mfinyanzi, aliyepanga na mwanawe mchanga orofa ya nne ya kiwanda cha zamani cha vifungo. Hajalipa kodi miezi minane. Sheria iko wazi: jengo likikosa hati ya makazi, yaani kibali cha watu kuishi humo, mmiliki wake haruhusiwi kudai kodi wala kumfukuza mkaazi. Bwana Brandt, mwenye jengo, hati hana. Basi akaapa kwamba humo haishi mtu, ni karakana tu. Tukimwamini, Ijumaa vitu vya Odalys viko barabarani.

Kwa Kanuni ya Tisa, aliyoitunga Mwenyekiti mwenyewe, mkaazi ni yeyote aliyeshuhudiwa na maofisa wawili amelala, viatu amevua. Sisi usiku hatufanyi kazi. Tukafika saa nane mchana, mimi, Mwenyekiti na mkaguzi wa moto, Brandt akitufuata nyuma.

"Haya mama, lala," Mwenyekiti akaamuru.

"Saa hizi? Nina vyungu kwenye tanuri, mzee!"

"Si mnaona?" Brandt akachekelea. "Karakana hii."

"Na hizo nepi ni malighafi?" Odalys akamjibu.

Mtoto alikuwa amelala fofofo, lakini hakuwa na viatu vya kuvua. Nikaandika: hahusiki.

Tukasubiri. Odalys akatupa supu ya maharage meusi. Mwenyekiti akamaliza bakuli mbili, akavua viatu ili apime ubaridi wa sakafu, akajinyoosha kwenye sofa kukagua springi. Akakoroma saa mbili nzima. Mkaguzi akashuhudia, nami nikashuhudia. Nikajaza fomu.

"Umeandika nini, dada?" akauliza alipoamka.

"Mkaazi mmoja amethibitishwa, mheshimiwa. Wewe."

"Safi kabisa!" Brandt akaruka. "Basi anilipe yeye hiyo miezi minane!"

Sijawahi kumwona Mwenyekiti akiamua kesi upesi vile, tena miguu mitupu.

"Haya ni makazi! Hati hakuna! Mkaazi hadaiwi hata senti, wala hafukuzwi!"

"Wakaazi wote wa orofa hii?" Odalys akauliza.

"Wote!" Akagonga muhuri mara tatu.

"Asante, jirani. Sasa hapa kwetu kila mtu huosha bakuli zake."

Mwenyekiti akaziosha zote mbili. Nimeliingiza na hilo kwenye kumbukumbu.