Malalamiko Kuhusu Kipindi cha Alhamisi

Kwa Mkuu wa Shule,
Sekondari ya kata yetu, njia ya Matai.

YAH: KUHARIBIWA KWA BINTI YANGU VALERIA, KIDATO CHA PILI, KWA KUTULIZWA

Ndugu Mkuu wa Shule,

Nakusalimu kwa heshima zote. Naamini u mzima na walimu wako ni wazima, isipokuwa Mwalimu Justina, ambaye ningependa apatwe na mafua kidogo kila Alhamisi. Siku hiyo ndiyo anawafundisha watoto wetu hizo mnazoziita stadi za kisaikolojia: kutambua hisia, kumsikiliza mwenzio, kumaliza ugomvi bila ngumi. Mimi ni mkulima wa mahindi na ulezi, si msomi, lakini madhara nayaona kwa macho yangu. Ni haya yafuatayo.

1. Valeria hagombezeki tena. Majuzi mbuzi waliingia kwenye maharage wakati zamu ya kuchunga ilikuwa yake. Nikafoka kama impasavyo baba. Zamani angelia, mama yake angemtetea, nami ningetoka nje nikiwa nimeshinda. Safari hii alivuta pumzi, akanisubiri nimalize, kisha akasema anaelewa nina hasira kwa sababu maharage yale niliyahangaikia, kosa ni lake, na kesho atapanda upya. Sasa, Ndugu Mkuu, baba akishaeleweka anaendelea kufoka kuhusu nini? Nilibaki nimesimama uani kama mgeni aliyekosea nyumba.

2. Wanafunzi wageni hawalii inavyotakiwa. Kuna binti anaitwa Edith, katoka Wampembe kule ziwani, anakaa bweni. Mimi nilipopelekwa shule ya mbali nililia kuanzia Januari hadi Juni, wakubwa wakanicheka na kuniibia blanketi, nikakomaa. Edith kalia siku nne tu. Siku ya tano wenzake, Valeria akiwemo, walikaa naye, wakamuuliza anakumbuka nini nyumbani, akasema dagaa. Sasa kila Jumamosi yuko jikoni kwangu anawafundisha wanangu kukaanga dagaa, na anacheka mpaka majirani wanasikia. Huko ni kumnyima mtoto ukomavu.

3. Fimbo zimekaa bure. Sisi tulichapwa na tukatoka wazima. Mfano ni mimi mwenyewe: sina shida na mtu yeyote, isipokuwa mdogo wangu wa tumbo moja, Sebastiani, ambaye hatukusemeshana naye kwa miaka kumi na moja.

4. Na hapo ndipo hasa nilipoumizwa. Ugomvi wetu ulianzia kwenye mpaka wa shamba aliloacha marehemu baba. Matuta mawili, basi. Lakini nimeulea ugomvi huo vizuri kuliko ng'ombe wangu. Tukikutana njiani, mmoja alichepuka porini. Kanisani yeye kushoto, mimi kulia, na padri alishazoea. Nilikusudia kuwarithisha watoto. Kumbe shuleni kwako Valeria na Calvin, mtoto wa Sebastiani, wamekalishwa dawati moja, wakapewa zoezi la kusikilizana, na sasa wanaitana dada na kaka mchana kweupe!

Halafu mwezi Machi mke wangu alipika pombe ya ulezi ili majirani waje kutusaidia kufukia nyasi kwenye matuta. Huku kitongojini kwetu, mkishalima pamoja na kunywa pamoja, ugomvi umekwisha, upende usipende. Ndiyo maana nyumba ya Sebastiani haikuwahi kualikwa. Mwaka huu Valeria alikwenda kuwaalika. Asubuhi namwona mdogo wangu anakuja na jembe begani, mvi mpaka kwenye ndevu. Akaniamkia shikamoo. Nikaitika marahaba kabla sijajizuia, kwa kuwa shikamoo ya mdogo wako haiachwi ikaanguka chini. Tukalima tuta kwa tuta hadi saa saba, tukanywa kibuyu kimoja. Nilipomtazama vizuri niliona uchungu sana. Miaka kumi na moja yote ya kazi yangu imepotea kwa asubuhi moja.

5. Mwenyekiti wa kitongoji naye ameathirika. Kesi yetu ndiyo iliyokuwa ikifungua kila kikao chake. Juzi alikuja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama hatuna hata mbuzi wa kugombania.

Kwa sababu hizo naomba kipindi hicho kifutwe, Mwalimu Justina apewe hisabati, na watoto warudishiwe haki yao ya kutoelewana kama wazazi wao. Wakizoea kusikilizana hivi, kesho watatutaka na sisi tuwasikilize.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa getini, wanafunzi wa bweni, na Mwalimu Justina pia. Mafua yake yasiwe makali.

Ni mimi mzazi niliyepatanishwa bila ridhaa yangu,
Flavian, baba Valeria.

N.B. Barua hii inaletwa na Sebastiani kwa pikipiki yake. Ameisoma, na amegoma kuibeba mpaka niandike ukweli. Valeria hakwenda kuwaalika kwa akili yake. Mimi ndiye niliyemtuma. Jioni tatu mfululizo nilimwomba anifundishe hayo ya Alhamisi, maana mimi ndiye mkubwa na sikujua mkubwa anaanzaje. Mpaka sasa amenifundisha kusikiliza tu. Anasema kuomba radhi kumepangwa muhula ujao. Tafadhali, Ndugu Mkuu, msikifute kipindi kabla hatujafika hapo.