Ufunguo wa Kabati la Vitabu

Jumatatu, 3 Machi
Jana mchungaji alitangaza: kabati la vitabu la kanisa linatafuta mtunzaji. Ufunguo, kiti chenye mto, jina kusomwa mbele ya watu wote. Jumapili ijayo tutamchagua apendaye vitabu kuliko wote, na ushahidi ni kadi. Kila kitabu kina kadi yake. Ukiazima unaandika jina, kadi inabaki kwenye kisanduku.

Leo nimezipitia zote. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, mkunga mstaafu, yumo kila mahali kama vumbi. Mimi nimo kwenye kadi moja. Kitabu cha uvumilivu, nilikiazima miaka minne iliyopita. Kinashikilia mguu wa meza yangu ya kutengenezea redio. Kinavumilia vizuri sana.

Miaka ishirini na sita nakaa benchi la nyuma, watu wananiuliza choo kiko wapi. Basi! Safari hii ufunguo ni wangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima kumi na kimoja. Nimechagua kwa unene. Vyembamba vina upako uleule. Vingi ni vya watoto. Shemeji kanikuta mlangoni, rundo limenifika kidevuni. Akauliza kama nimerudishwa chekechea. Nikamwambia njaa ya roho haina umri. Akacheka. Acheke!

Jumatano, 5 Machi
Nimerudisha vyote, nimechukua kumi na vinne. Mke wangu akataka kujua kama nimesoma hata kimoja. Nimesoma majalada ya nyuma, nikamjibu, mambo yote yamo humo. Jalada moja linasema neema hutolewa bure, haifanyiwi kazi. Makosa ya mpiga chapa, bila shaka. Mimi ni fundi. Sijawahi kuletewa redio ikajitengeneza.

Alhamisi, 6 Machi
Kumi na saba! Jumla arobaini na mbili. Mchungaji kapita dukani, kanikumbatia. Halafu pigo: Jumamosi nisimame mbele ya kikundi cha wasomaji, wakubwa kwa wadogo, nieleze kitabu kilichonigusa.

Pigo la pili. Kaona kwenye kadi kwamba nimeazima mara mbili kitabu cha maombi ya mama mjamzito. Hata adhuhuri haijafika, shemeji keshapata habari. Akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Hongera shemeji, unatarajia lini?" Mtaa mzima uligeuka.

Ijumaa, 7 Machi
Seremala mzee, yule mwenye macho hafifu, amekwenda kabatini mara tatu kutafuta kitabu cha wokovu chenye herufi kubwa. Ndicho pekee anachoweza kukisoma. Kila mara amekikosa. Kiko kwangu, juu ya rundo, kwenye dirisha la duka, ili wapita njia wanione msomaji. Nikasikia kitu kinanichoma kifuani. Kiungulia. Nitakirudisha Jumatatu, baada ya uchaguzi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimesimama. Nimechagua cha kondoo aliyepotea, maana jaladani yupo kondoo anatabasamu. Nikaeleza, machozi yakinilengalenga, jinsi alivyojituma, akavuka mito, akapanda mlima, akafika zizini kwa jasho lake mwenyewe, ndipo akastahili kupokelewa. Kondoo yule ni mimi, nikasema!

Kisha watoto wa mstari wa mbele, wote kwa pamoja: "Babu, hakutembea! Alibebwa!" Na namba ya ukurasa wakaitaja. Mchungaji akakohoa muda mrefu, leso mdomoni. Nikawaambia mimi nilisoma toleo la zamani.

Jumapili, 9 Machi
Kachaguliwa shemeji. Mikono yote juu. Hata wa mke wangu.

Nilikuwa nishainuka niondoke, akanifuata mpaka benchi la nyuma na kuniwekea ufunguo kiganjani. Mchungaji kakubali, akasema. Nikauliza kwani nimefanya nini. "Hujafanya kitu, shemeji. Chukua tu."

Mke wangu akaninong'oneza kwamba jana dada yake alikiona kile cha herufi kubwa pale dirishani. Akakichukua, akampelekea seremala, na hakunisema kwa mtu mwingine yeyote.

Kiungulia tena.

Ufunguo nikaukataa mara mbili. Mara ya tatu nikaupokea, kwa heshima ya kadi zangu. Njiani mke wangu kauliza kama sasa nimeelewa neema ni nini. Nimeelewa! Ni kadi arobaini na mbili kwa siku tatu. Nani mwingine angeweza?

Tangazo la kubandika kabatini kesho liko tayari, kwa wino mwekundu: VITABU VYA NEEMA WATAAZIMISHWA WANAOSTAHILI TU. Maombi yaletwe kwangu kwa maandishi. Shemeji naye apange foleni.