Vyuma Vivivu vya Shule ya Nantele

Kijiji cha Ujamaa Nantele,
Mtwara.
19 Julai 1978

Ndugu Mhandisi Gaudensi,

Nakuandikia kwa heshima zote, ila nina hasira. Mwaka jana, baada ya tetemeko kupasua kuta za shule yetu, ulituletea vyuma vya mshazari ukavifunga kutoka nguzo hadi nguzo katika kila darasa. Ulitueleza kwamba katikati ya kila chuma pana kiungo cha kusuguana: ardhi ikitikisika kinateleza kwa shida, na nguvu za tetemeko zinaishia hapo badala ya kuvunja ukuta. Tulikupigia makofi. Sasa nayadai makofi yetu, kwa sababu zifuatazo:

1. Vyuma hivi ni vivivu. Tangu vifungwe havijafanya kazi hata siku moja. Hapa Nantele kila mtu ana shamba la mihogo, na hata bibi Zuhura asiyeona vizuri huokota korosho msimu ukifika. Vyuma vyako vimeegemea ukuta tu, vinangoja tetemeko. Binadamu akiishi hivyo tunamwita kupe.

2. Mimi kama Mwenyekiti niliamua kuvipa kazi. Nilifungua vya darasa la pili nikajengea jukwaa la Saba Saba. Mgeni rasmi akapanda, kamati nzima nyuma yake, akina mama wakaanza kucheza, na viungo vyako vikaanza kuteleza. Jukwaa likashuka polepole, kwa adabu, hadi mgeni rasmi akajikuta amesimama mchangani, hotuba mkononi, bila hata mkwaruzo. Watoto walicheka. Chuma chenye heshima kingevunjika tukajua moja. Fedheha ile nani ataibeba?

3. Mwalimu Magreth, huyu mliyetuletea kutoka bara, tangu siku nilipotoa vyuma hataki kufundishia darasa la pili. Watoto amewahamishia wote darasa la kwanza, wamebanana kama dagaa kapuni, mjukuu wangu Salma akiwa mmoja wao. Nilimuuliza anaogopa nini, akasema anaogopa ukuta. Mtu mzima, na cheti chake, anaogopa ukuta! Naomba ahamishwe.

4. Kwa hiyo vyuma vyote vilivyobaki viondolewe shuleni, viungo vichomelewe visiteleze tena, tujenge jukwaa la kudumu. Wageni rasmi huja kila mwaka. Tetemeko halina hata ratiba.

Nisalimie wote ofisini, mkeo Martha na watoto, na yule dereva wenu aliyesahau kofia kwangu. Mwambie iko salama, ndiyo niliyovaa Saba Saba.

Wako katika kazi isiyolala,
Athumani Nalinga,
Mwenyekiti wa Kijiji

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha ardhi ikatikisika, watoto wakiwa darasani. Darasa la kwanza limesimama. Vyuma viliteleza, vikalia kama mlango mkavu, basi. Ukuta wa darasa la pili umelala wote juu ya madawati. Futa namba ya kwanza hadi ya nne. Mwalimu Magreth msimguse. Jukwaa nimelifungua kwa mikono yangu. Njoo na spana uvirudishe vyuma mwenyewe, mimi nisiaminiwe tena. Dawati la Salma tumelitoa chini ya matofali vipande vipande. Yeye yuko hapa ubavuni kwangu, hana hata mkwaruzo, ananiuliza babu unamwandikia nani.